Kitengela: Gari Lilipochemka Njiani Kwenda Akika

Barabara ya kutoka Mombasa kwenda bara ni ngazi ndefu. Huanza usawa wa bahari, ikapita Mariakani na Mackinnon Road, palipo na msikiti wa Sayyid Baghali ambapo wasafiri wengi husimama kuswali. Huendelea Voi, Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani wa Unguja, hata imfikishe msafiri kwenye nyanda za Athi, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hapo Athi River, penye viwanda vya saruji, mwenye safari ya Nairobi huendelea mbele. Mwenye safari ya Kajiado na Namanga hukata kushoto. Mji mkubwa wa kwanza anaoukuta ni Kitengela.

Zamani hapa palikuwa malisho ya Wamaasai na mapito ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi kutafuta majani. Leo ni mji wa maghorofa na maduka, wenye watu wa kila kabila, wakiwamo watoto wetu wa Pwani waliofuata kazi. Misikiti ipo, na kando ya barabara kuu mafundi wa magari wamepangana kama wauza samaki gatini.

Ndipo tulipokwama. Tulikuwa watano: kaka yetu akiendesha, mama yetu mzazi, sisi dada wawili na mtoto mdogo. Ndugu yetu aliyeko Kajiado alikuwa amejaaliwa binti, na siku ya pili yake ilikuwa siku ya saba. Mbuzi wa akika alikuwa anunuliwe huko huko kwa Wamaasai, na fedha yake mama alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso.

Kwenye vilima vya Salama, nyuma ya malori yaendayo polepole, mshale wa joto ulipanda. Barabara ilipofunguka na mwendo ukaongezeka, ukashuka wenyewe. Katika msongamano wa Kitengela ulifika kwenye wekundu. Kaka alizima kiyoyozi, akawasha hita ili ivute joto kutoka kwenye injini, akatafuta pa kusimama salama, akazima gari. Mvuke ulikuwa ukitoka chini ya boneti.

Fundi wa kwanza aliyetujia hakuuliza neno. Alitazama mvuke, akasema gasketi imeungua, hedi lazima ifunguliwe, kazi ya siku mbili. Bei aliyoitaja ilimmeza mbuzi na pembe zake. Kisha akachukua kitambaa akitaka kufungua kifuniko cha rejeta.

Mama akamzuia. “Mwanangu, hata sufuria ya mvuke jikoni hatuifunui hivyo. Na hiyo gasketi, umejuaje?”

“Mama, gari likichemka ni gasketi.”

Jibu hilo halikumtosha. Tulimshukuru, tukaenda msikiti wa karibu kuswali, na waumini wakatuelekeza kwa fundi mtu mzima mwenye kibanda nyuma ya maduka.

Huyu alianza kwa maswali. Joto lilipanda wapi? Lilishuka lini? Maji yaliongezwa lini? Alipokwisha kusikia alisema: “Mama, gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia, mtu huanza kwa feni. Likikimbia, upepo wa njia huipoza rejeta; likisimama, feni ndiyo upepo wake.”

Hata hivyo hakuhukumu kwa maneno. Alingoja injini ipoe kabisa, ndipo akafungua kifuniko. Maji yalikuwa yamepungua kidogo tu. Alikagua mipira ya maji, haikuvuja. Alichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa safi, wala haikugeuka rangi ya chai ya maziwa, kama inavyokuwa ikichanganyika na maji. Alijaza maji, akawasha injini. Hapakuwa na mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, wala moshi mweupe mzito nyuma. Hakuona dalili ya gasketi kuungua.

Kisha akawasha kiyoyozi, ambacho hulazimisha feni izunguke. Haikuzunguka. Akaiunganisha moja kwa moja na betri, ikavuma. Feni nzima, fyuzi nzima. Akachomoa rilei ya feni, akaweka mahali pake rilei ya honi iliyo ya namna moja nayo. Feni ikazunguka, na honi ikawa bubu. Ushahidi ulikuwa umetimia.

Rilei mpya ilinunuliwa dukani hatua chache kutoka hapo. Gharama yote, pamoja na ujira wake, haikufika robo ya bei ya mbuzi. Magharibi ilitukuta Kajiado, na asubuhi yake akika ikachinjwa.

Tunayaandika haya kwa ajili ya akina mama hasa, maana mara nyingi tukifika gereji huzungumzwa juu ya vichwa vyetu. Hatuhitaji kujua kushika spana. Yatosha kukumbuka mshale ulipanda wapi na kushuka wapi, kisha kuuliza, “Umejuaje?” Likichemka hata kwenye mwendo mzuri, fundi atazame maji, mipira, rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama na pampu ya maji. Kifuniko nacho kisidharauliwe: ndicho kinachobana mfumo ili maji yasichemke mapema, na katika nchi ya juu kama Kitengela maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 95 tu. Injini ikiwa moto msifungue rejeta, wala msiimiminie maji baridi, kwani chuma huweza kupasuka.

Dini yetu imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Huenda fundi wa kwanza hakuwa mwizi; huenda alikuwa na haraka tu. Lakini haraka yake ingemnyima mtoto yule haki yake ya siku ya saba, na ingefungua injini isiyo na ugonjwa.