Punda Aliyengoja Kibali Busia

Tumezoea kuulizwa na akina mama maswali ya kuhama: je, mume akihamisha maskani mke analazimika kumfuata, vyombo vya nyumba ni vya nani, watoto watasoma chuo gani huko ugenini. Mwaka uliopita, katika Mfungo Mosi, tuliulizwa swali ambalo hatukuwa tumewahi kulisikia. Mama mmoja wa Lamu, mjane, alikuwa anahamia Iganga nchini Uganda kwa binti yake aliyeolewa huko, naye alitaka kujua kama yafaa kwenda na punda wake.

Wasomaji wa Lamu hawahitaji kuelezwa. Katika mitaa ile ambayo gari haiingii, punda ndiye lori, naye ndiye mkoba wa mwenye nyumba. Tangu kufiwa, mama huyu alikuwa akimkodisha punda wake kwa kijana aliyebeba mchanga, mawe na magunia ya saruji kutoka gatini, na kwa ijara hiyo aliwasomesha watoto watatu. Majirani walimshauri amuuze. Yeye alijua bei ya punda mzee, na alijua aghalabu anunuliwa na nani. Ngozi ya punda huchemshwa ikawa dawa ya Kichina iitwayo ejiao, na kwa sababu hiyo punda wengi wa nchi hii walichinjwa, wengine wakiwa wameibwa usiku mazizini. Mwaka 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku biashara hiyo, mahakama ikaja ikaifungua tena, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mama hakuwa na hakika kwamba habari hizo zimewafikia wanunuzi wote.

Tulimjibu upesi, kama tulivyozoea kujibu. Tukamwambia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii mwenye mnyama ana wajibu wa kumlisha na kumnywesha hata kama hafanyi kazi tena, na akishindwa hulazimishwa amuuze kwa atakayemtunza. Punda hana njia ya tatu, maana nyama yake si halali kwetu. Basi kwenda naye ni jambo jema. Mwendee daktari wa mifugo akupe cheti cha afya na kibali cha kumsafirisha, mpakie, tawakali. Fikihi yetu ilikuwa sahihi. Habari za mpaka tulizosema zilikuwa nusu, na nusu iliyobaki tulikwenda kuilipia Matayos.

Kwa kuwa tulikuwa na jamaa wa kumzuru Mumias, tulifuatana nao: mama, ndugu yake wa kiume, mjukuu wa miaka kumi, na punda. Mlango wa bahari hadi Mokowe alivuka kwa mashua, jambo ambalo punda wa Lamu hulifanya bila kelele. Kutoka hapo ni lori, zaidi ya kilomita 1,200 kupitia Mombasa, Nairobi na Kisumu. Hatutaieleza njia yote. Itoshe kusema kwamba mnyama alisimama juu ya mchanga uliomwagwa sakafuni ili asiteleze, na kwamba kila kituo alishushwa, akanyweshwa na kutembezwa, hata dereva akanung'unika. Tulimsimulia dereva alivyopokea Anas bin Malik, radhi za Allah zimshukie, kwamba masahaba walipofika kituoni hawakuswali sunna mpaka wamewatua wanyama mizigo yao. Dereva akasema masahaba hawakuwa na tajiri wa kuwapigia simu kila saa. Hatukuwa na jibu.

Tuliingia Matayos jioni, mvua ya ngurumo itokayo upande wa Ziwa ikiwa imekwisha kunyesha. Ni nchi ya Wakhayo, udongo mwekundu, mashamba ya miwa na mihogo, na kando ya barabara akina mama wameanika muhogo uliokatwakatwa, ambao husagwa pamoja na mtama ukawa sima yenye rangi ya udongo ule ule. Mjini Busia, ambao ni sehemu ya Matayos, nchi hukatika kwa kizuizi cha barabara. Malori hupanga foleni ndefu, na madereva wake hufua nguo na kupika chini ya matrela. Upande wa kaskazini, Malaba, mambo ni hayo hayo, na huko reli nayo huvuka.

Neno tunalolitumia pwani kila siku, bodaboda, lilizaliwa hapa. Vituo vya nchi mbili vilikuwa mbalimbali, na vijana wenye baiskeli wakawabeba wasafiri katikati wakiita kwa Kiingereza cha mdomoni, boda, boda, yaani mpaka hadi mpaka. Baiskeli zimekuwa pikipiki, na jina limeenea Afrika Mashariki nzima. Tuliwaona pia walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni bidhaa, na akina mama wakivuka na mayai, dagaa na mitumba, asubuhi wako nchi hii na adhuhuri wamerudi. Tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, maafisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, upande ule unaoingia.

Hivyo mama, ndugu yake na mtoto walishughulikiwa kabla chai yetu haijapoa. Kisha ikafika zamu ya punda.

Afisa alikuwa mtu mpole. Alisoma cheti chetu, akakisifu, akaomba cha pili: kibali cha kuingiza mnyama, kinachotolewa na Wizara ya Kilimo na Mifugo ya Uganda, Entebbe, ambacho huombwa kabla ya safari, si mpakani. Tena cheti cha Kenya hakitoshi kuwa cha daktari wa mtaani. Kwa kuvuka nchi chatakiwa cha Idara ya Mifugo yenyewe, ambayo makao yake ni Kabete. Binadamu watatu walivuka kwa kadi zinazoingia mfukoni, na mnyama mmoja alihitaji bahasha. Mama alitutazama. Hakusema neno, na tungependelea aseme.

Tulirudi Matayos, kwa mzee mmoja Mwislamu ambaye babake alisilimu Mumias. Mzee alitupa chumba na kumpa punda kivuli cha mwembe. Jioni hiyo akaja kijana, mkarimu wa maneno, akasema ziko njia za panya. Usiku mmoja, ada kidogo, na punda ataamka Uganda. Ndugu wa mama aliona hiyo ndiyo faraja. Alisema mpaka ni mstari wa Wazungu, na hakukosea sana: hadi 1902 nchi hii yote ilihesabiwa Uganda, ikahamishiwa Kenya kwa kalamu. Misafara ya wazee wetu kutoka Mombasa ilifika kwa Nabongo Mumia, ikapumzika, ikaendelea Busoga na Buganda, na hakuna aliyeuliza punda wao cheti.

Ndugu yake alisahau lililowaua punda wale. Katika vichaka vya ukanda huu wa Ziwa wako mbung'o, nzi waenezao nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Malale hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita iliangamiza Busoga na mwambao wa Ziwa watu wanaokadiriwa kuzidi laki mbili. Farasi ndiye mdhaifu zaidi mbele ya nagana. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, aliandika kwamba Wazanji hawakuwa na farasi na walipanda ng'ombe. Na hata Sayyid Said wa Zanzibar, aliyekuwa na mazizi ya farasi wa Kiarabu na akampelekea rais wa Marekani wawili mwaka 1840, farasi wake walibaki kuwa fahari ya visiwani, hawakuwa vyombo vya safari za bara. Punda huvumilia zaidi ya farasi, ila naye hupata. Bahasha ya Entebbe basi haikuwa usumbufu mtupu: ndani yake mlikuwamo swali la damu ya mnyama na la nzi.

Tuliyafikiri hayo usiku, na bado tunakiri tulivutwa na ile njia ya panya, kwa kuwa ingefuta kosa letu kabla ya alfajiri. Asubuhi mama ndiye aliyeamua. Alimwambia nduguye mbele yetu: "Punda wa wizi hupita njia hiyo. Wangu hatapita na wezi. Akikamatwa huko bila karatasi, nitasema ni wangu kwa ushahidi gani?" Kisha akatugeukia: "Na wewe Shehe utaandika barua, kwa maana wewe ndiwe uliyesema cheti kimoja kinatosha."

Tuliandika. Mkwewe wa Iganga alikwenda Entebbe kwa miguu yake. Daktari wa mifugo alikuja Matayos akachukua damu, akampaka punda dawa ya kufukuza nzi, akamfundisha mjukuu kuipaka. Siku zilikuwa kumi na moja. Tulizitumia kusomesha watoto wa mzee juzuu amma, na mama alizitumia sokoni, akajifunza hesabu ya shilingi mbili za nchi mbili vizuri kuliko sisi. Punda alibeba maji ya jirani bila ijara. Watu wa pale walisema neno tulilokua nalo pwani, punda afe mzigo ufike, wakicheka, maana hapa mzigo ulikuwa umefika zamani na tulimngoja punda.

Mama anayetaka kuhama na mnyama wake, awe punda, mbuzi wa maziwa au paka, aanze na nchi aendayo, aombe kibali chake kwanza, kisha arudi kwa daktari wa kwao; na asimuulize shehe peke yake.

Siku ya kumi na mbili tulisimama tena chini ya lile paa. Karatasi zilitimia. Daktari wa kituoni alizunguka punda, akaandika jinsia, umri, rangi. Penye alama za kumtambulisha aliandika: kovu la shogi mgongoni. Mama aliomba asomewe, akanyamaza kidogo, akauliza kama hakuna alama nyingine ya kuandikwa. Daktari alimtazama punda tena, akainama, akaongeza: mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani, na mwingine wa kukingama mabegani. Mama akasema hiyo ndiyo, akashika hatamu, wakaenda kwa miguu kati ya pikipiki.