Jambo Gani?

Mtu wa kwanza kutusalimia kwa Kiswahili kule Florida alikuwa kijana Mmarekani mlangoni pa hoteli. "Jambo!" akasema, meno yote nje. Nyanya akasimama, akaegemea mkongojo wake, akamuuliza, "Jambo gani?"

Kijana akacheka tu. Nikamvuta Nyanya ndani kabla hajaanza kumfundisha hujambo na sijambo.

Hoteli yenyewe inaitwa Disney's Animal Kingdom Lodge. Ilifunguliwa 2001, na iko ndani ya Walt Disney World, karibu na Orlando. Watu hulala pale ili asubuhi wapande basi la bure waende kwenye zile bustani nne za burudani, za mabembea ya kutoa roho na yule panya maarufu. Sisi tulilala pale siku nne na hatukuingia hata bustani moja. Mimi na Nyanya, namaanisha. Shangazi na watoto wake wawili waliingia zote.

Shangazi ni nesi Atlanta. Alikuwa amedunduliza miaka ili mama yake aone alichokiita "raha kidogo kabla hatujazeeka sote", na mimi nikaletwa kama msindikizaji, kwa sababu Nyanya hangeweza kupanda ndege mbili peke yake na yale magoti. Safari nzima ililipwa na Shangazi. Kilichobaki kilikuwa tiketi za kuingia bustanini, na hizo zinapita dola 100 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Piga hesabu mwenyewe.

Nyanya alipotafsiriwa bei kwa shilingi alikataa papo hapo. Shangazi akamwambia kuna viti vya magurudumu vya kukodisha, hatatembea. Nyanya akasema, "Nimekaa kando ya Tsavo maisha yangu yote sijalipa kuingia. Nije kulipa huku?"

Na ni kweli. Kwetu ni Sagalla, karibu na Voi. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948, na Nyanya anakadiria alizaliwa mwaka huohuo au uliofuata, kwa hivyo wamekua pamoja, kila mmoja upande wake. Yeye hajawahi kuvuka. Wanaovuka ni ndovu. Wanakuja usiku mahindi yakianza kukomaa, na asubuhi unakuta shamba limelala chini kama mkeka. Majirani wengine sasa wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya, ndovu akigusa waya nyuki wanatoka, na ndovu na ukubwa wake wote anakimbia. Nyanya bado anaamini sufuria na mwiko.

Mimi nilisema nitabaki nimwangalie. Shangazi alinisifu mbele ya watoto wake. "Mnaona? Hivi ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyofanya." Nikatazama zulia.

Ukweli ni kwamba singeweza kumwacha Shangazi atoe dola zingine 100 kwa ajili yangu. Alikuwa anadhani niko likizo ndefu, nikirudi namalizia mwaka wa nne. Nilikuwa nimeacha chuo katikati ya mwaka wa tatu.

Ningependa kuwa na sababu nzuri. Sina. Nilikuwa nasomea takwimu na sikuwa mjinga. Ila nilianza kuandika kazi za wanafunzi wa Marekani kwa malipo, kama nusu ya wale tuliokaa nao hosteli, na usiku wao ni mchana wetu, kwa hivyo nikawa nalala darasani, halafu nikawa nalala chumbani, halafu mtihani ukapita. Shangazi akaendelea kutuma karo. Mihula miwili ambayo sikuisoma. Nilikula hiyo pesa. Kodi ya nyumba Roysambu, laptopu, na vitu vingine ambavyo sasa siwezi hata kuvikumbuka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi kila asubuhi wenzetu wakiondoka, tulikaa kwenye roshani. Chini yetu kulikuwa na savana. Si picha, savana kabisa, nyasi na miti na twiga anakula majani hatua chache kutoka kwa kikombe chako cha chai. Uzio huuoni. Wameuficha vizuri mpaka unasahau uko Marekani, halafu unasikia lori likipita mahali nyuma ya miti.

Nyanya hakushangazwa na twiga. Alichopenda ni ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe kubwa kupita kiasi. Aliwahesabu kila siku, akawatafutia kasoro. Huyu anachechemea. Yule amekonda. Siku ya pili akauliza, "Ndovu wako wapi?" Nikamwambia wako kule ndani bustanini, kwa kina Shangazi. Akasema, "Wakae hukohuko."

Na majina! Jengo letu linaitwa Jambo House. Bwawa la kuogelea ni Uzima. Eneo moja la wanyama ni Pembe, na Nyanya, ambaye anakumbuka miaka ya majangili na ndovu waliooza bila pembe, hakulipenda jina hilo hata kidogo. Kuna mkahawa unaitwa Jiko, ambao sifa yake ni divai za Afrika Kusini. Kuna mwingine unaitwa Boma. Nyanya akataka kujua kama watu wanakulia zizini. Tulikula hapo jioni moja, Shangazi alilipa zaidi ya dola 50 kwa kila mtu mzima, na Nyanya akakisukuma kando kitamutamu cha chokoleti chenye mistari ya pundamilia kwa sababu alionja pombe ndani. Nilikila mimi. Kilikuwa kitamu sana, tusidanganyane.

Alasiri Nyanya akisinzia nilifungua laptopu. Waifai ni ya bure. Hapo, Marekani kwenyewe, nilimalizia insha ya mwanafunzi wa Marekani kuhusu maadili ya biashara. Sitanii.

Siku ya tatu watoto walirudi wamevaa masikio ya panya, wakamwonyesha Nyanya picha kwenye simu. Walikuwa wamepanda safari ya lori inayoitwa Kilimanjaro Safaris, na inaanzia kwenye mji wa kubuni uliojengwa kufanana na miji ya pwani yetu, kuta zimechubuliwa makusudi zionekane kuukuu. Jina la mji limeandikwa kubwa. HARAMBE.

Nyanya akasogeza simu karibu na macho. "Nani amekula e moja?"

Kila mtu akacheka. Mimi nilihisi tumbo likishuka.

Kwa sababu yangu ilikuwa na e zote. Uwanja wa kanisa, mahema ya kukodi, mbunge alituma mtu na bahasha. Jogoo mmoja aliuzwa kwa mnada mara tatu, kila aliyemnunua akimrudisha auzwe tena. Mwalimu wangu wa darasa la nne alitoa shilingi 200 na akaomba msamaha. Nyanya aliuza mbuzi wawili na hakusimama kutangaza kama wengine, alinipa pesa mkononi zikiwa zimekunjwa kwenye leso.

Siku ya mwisho wenzetu walitoka mapema. Nilimwekea Nyanya chai, nikakaa, nikamwambia. Nilisema kila kitu, hata ya mihula miwili. Nilitazama ng'ombe nikisema.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Pundamilia mmoja alimkimbiza mwingine, wakachoka, wakaacha.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Mtu anayesoma huomba pesa ya vitabu. Wewe uliacha kuomba."

Sikuwa na jibu.

"Shangazi yako utamwambia wewe, leo. Usiniweke katikati. Pesa yake ni yake na hasira yake ni yake." Akanywa chai. "Mbuzi wangu nitakudai mwenyewe. Wawili. Na walikuwa wa kike, kwa hivyo uhesabu na watoto."

"Sawa, Nyanya."

"Hiyo kazi yako ya usiku. Inalipa?"

"Si sana."

"Lakini inaweza kununua mbuzi."

Nikasema polepole, ndiyo, inaweza.

Jioni Shangazi aliingia amechomwa na jua, miguu imevimba, akajitupa kitandani na viatu. Watoto wakakimbilia dirishani. Nyanya akachukua mkongojo wake na kuwaambia watoto wamshindikize chini wakawaage ng'ombe. Walipofika mlangoni alinitazama mara moja, akaufunga mlango nyuma yake.

"Mbona unasimama hivyo?" Shangazi akauliza. "Kuna jambo?"