Kwa mwanangu anayeanza kazi thieta

Morogoro

Mwanangu,

Baba yako alinipigia simu kunieleza kwamba umepangiwa thieta, na furaha yake niliisikia. Nami nimefurahi, ila nimeona nikuandikie kabla hujaanza zamu. Kuvaa glavu, kupanga vyombo na kuhesabu gozi umefundishwa chuoni, sina la kuongeza. Ninayotaka kukuambia ni habari ya kusema na watu utakaofanya nao kazi, hasa waliokuzidi cheo na umri.

Sisi tumelelewa na shikamoo, na malezi hayo sitaki uyaache getini. Msalimie kila aliyekuzidi umri, awe daktari bingwa au mama anayedeki sakafu. Lakini kuna jambo usilifanye kamwe kwa jina la heshima: kuona kosa linakuja ukanyamaza kwa kuwa anayelifanya ni mkubwa. Mgonjwa amelala kwa dawa, hawezi kujisemea. Aliyeona ndiye msemaji wake.

Watu wa ndege walilijua hili kwa msiba. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mwalimu wa marubani wenzake, mtu wa sifa kubwa katika shirika lake. Alipokuwa anaiondoa ndege bila kibali cha kuruka, mhandisi aliyekuwa naye katika chumba cha marubani aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka, na mhandisi hakuuliza tena. Sababu za ajali zilikuwa nyingi, ukungu ulikuwepo na sauti za redio ziliingiliana, lakini mimi kila nikiifikiria hukwama kwenye lile swali lililoulizwa mara moja tu. Katika miaka iliyofuata mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza.

Hospitali zilichelewa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye mambo 19, yanayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa ya hapa mkoani kwetu, Ifakara. Kwa hospitali zote pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na waliopata madhara baada ya upasuaji wakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7.

Usidhani karatasi ndiyo iliyookoa watu. Nimeona mahali ambapo fomu ile inajazwa mgonjwa akiwa ameshafika wodini, vema zote zimewekwa kwa mkupuo, na haikumsaidia mtu. Kwangu mimi kipengele kikubwa kuliko vyote ni kile ambacho wengi hukiruka, cha kila mmoja kutaja jina lake na kazi yake kabla ya kuanza. Mwenye kutaja jina mbele ya bingwa ameshafungua kinywa. Kikitokea kitu baadaye, hatatafuta sauti yake kwa mara ya kwanza. Kwenu wasipofanya hivyo, anza wewe: sema jina lako, sema wewe ndiye unayehesabu gozi leo.

Sasa namna ya kusema. Taja unachokiona, usimtaje mtu. “Daktari, gozi moja haijaonekana, naomba tusifunge kwanza.” Hapo hujamtuhumu mtu wala hujamvunjia heshima. Asipokusikia, rudia kwa sauti ya juu zaidi, umwite kwa cheo chake, utaje hesabu yenyewe. Akikukaripia, simama hapo hapo. Karipio utalisahau, lakini mgonjwa aliyefungwa na gozi tumboni atarudi na usaha, na pengine hatarudi. Mabingwa wazuri niliofanya nao kazi walikuwa wakisimamisha mikono mara tu waliposikia neno hesabu, hata likitoka kwa mwanafunzi. Ukimpata wa namna hiyo, mshukuru waziwazi, wengine wasikie.

Na mkiwa na mzazi wa upasuaji, kumbukeni kwamba mara nyingi amechomwa ganzi ya mgongoni tu. Yu macho, anasikia kila kitu. Hili linaniumiza hadi leo, watu kugombana kuhusu zamu na posho juu ya tumbo la mwanamke anayengoja kusikia mtoto wake akilia. Mwambieni kinachofanyika, kwa Kiswahili. Mwite kwa jina lake, asiwe “yule wa kitanda cha tatu”.

Ya kundi la WhatsApp la wafanyakazi sitayarefusha. Weka humo habari za zamu basi. Mwenzako akikosea jambo dogo, mvute pembeni mkiisha kazi, msemezane ana kwa ana.

Wiki ya kwanza mtafute anayetakasa vyombo, fundi wa mitungi ya oksijeni na mama wa usafi, uwajue kwa majina. Hao ndio utakaowaamsha usiku wa manane. Kisha niandikie umepangwa na nani, na kama kwenu hesabu inasomwa kwa sauti. Shuka na ndoo nimempa binamu yako, atakuletea Jumamosi.

Wasalaam,
Shangazi yako