Malindi Isiyopigwa Picha

Ukibahatika kuzuru Malindi, msomaji mpendwa, bila shaka utapelekwa kuiona nguzo ya Vasco da Gama, utaonja aiskrimu ya Kiitaliano na utastaajabu kuwasikia vijana wa ufuoni wakikizungumza Kiitaliano kana kwamba walizaliwa Roma. Yafurahie hayo. Lakini iko Malindi nyingine ambayo hakuna mwongozaji watalii atakayekuonyesha. Hiyo huamka mapema na kuelekea hospitali ya serikali kunywa kikombe kimoja kidogo cha dawa.

Dawa yenyewe ni methadoni, na wanaoifuata ni watu waliokuwa wakijidunga heroini, au unga kama uitwavyo mitaani.

Unga uliingia Malindi na Watamu miaka ya 1980, utalii uliposhamiri. Wakati huo ulikuwa wa rangi ya kahawia, na watumiaji waliuchoma wakavuta moshi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 huo ukaadimika, ukaja mweupe. Mweupe haufai sana kuvutwa moshi, ila huyeyuka upesi majini. Hapo ndipo sindano ilipoingia. Sindano moja ilipita mikono mitatu au minne, nayo ikabeba virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Utauliza, kwani hospitali hazikuwapo? Zilikuwapo. Lakini mtu mwenye arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, hutoka jasho, huharisha na mifupa humuuma. Huyo hawezi kukaa kwenye foleni saa nne akisubiri jipu la mkononi lipasuliwe. Akivumilia akamfikia muuguzi, mishipa imekauka, haipatikani hata ya kutolea damu, na huenda akaambulia matusi. Isitoshe, sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inafanya hata kumiliki kifaa cha kutumia unga kuwa kosa. Sindano mfukoni ni kesi. Wengi walibaki maskani na vidonda vyao.

Kwa miaka mingi waliojali walikuwa wachache, miongoni mwao Mradi wa Omari, ulioanzishwa hapo Malindi miaka ya 1990. Tanzania ilitutangulia kwa methadoni, kwani Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Nairobi ilifuata mwishoni mwa 2014 katika hospitali ya Mathari, na Malindi ikapata kliniki yake mwaka 2015.

Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu, na kipimo kimoja huzuia arosto kwa siku nzima. Mtu hupata akili ya kufikiria jambo jingine: kazi, watoto, kikohozi kisichokwisha. Na kwa kuwa anakuja kila siku, ni rahisi kumpima kifua kikuu au kumpa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi papo hapo. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo faida kubwa kushinda zote.

Tatizo ni hayo maneno mawili: kila siku.

Panda matatu kutoka Watamu, pitia Gede, uone mwenyewe. Ni zaidi ya kilomita 20. Sasa mfikirie mvuvi wa huko. Samaki hawangoji saa za kliniki, na nauli ya kwenda na kurudi huliwa na samaki hao hao. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hawezi kurudia kipimo chake cha zamani, maana mwili umekisahau na kinaweza kumuua. Huanzishwa upya, chini kabisa, na arosto ikimnyemelea tena. Kwa kina mama ni vigumu zaidi. Kusimama mahali ambapo kila apitaye anajua umefuata nini, mtoto akiwa mgongoni, si jambo dogo katika mji ambao kila mtu ni shangazi wa mwenzake.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ambayo ilikuwa nguzo ya huduma hizi nchini, na baadhi ya vituo vilivyokuwa vikiwahudumia wanaojidunga vikafungwa. Waliokuwa wakipata sindano safi karibu na nyumbani wakalazimika kutafuta kwingine.

Basi ukiwa kwenye matatu ya kwenda Malindi alfajiri, na kijana mwembamba akapanda pale Gede akihesabu sarafu, msogelee kondakta umwombe asimshushe kwa upungufu wa shilingi kumi. Kliniki ina saa zake za kufunga.