Kobayi Wetu na Mbwa wa Kambo

Wengi wametuuliza kwa nini nyuma ya jiko kumejengwa kinyumba cha matofali chenye milango miwili, na kwa nini mbwa wa mlinzi anavaa kengele hata siku ambayo hakuna mawindo. Wengine wanaendelea kusema kwamba mbwa yule angeuawa tu. Sisi wanne wa mwaka wa nne, tuliokabidhiwa wanyama wale, tumeomba nafasi katika gazeti letu tueleze mambo yalivyokuwa, pamoja na kosa letu.

Kobayi walifika mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipoanza. Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza aliwaleta ndani ya kitunga, juu ya baiskeli ya mjomba wake, toka upande wa Kabongo: dume moja na majike matatu. Mama yake ni mjane, shamba lake dogo. Alifikiri hivi: kobayi anakula majani tu, hachukui fasi kubwa, anazaa upesi; watoto wakiuzwa, pesa zitasaidia kulipa masomo. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kobayi anabeba mimba miezi miwili na siku chache, na watoto wanazaliwa na manyoya, macho wazi, siku ile ile wanakimbia. Kufika mwezi wa pili tulikuwa nao 11. Majani mabichi hawakukosa, na haifai wayakose, kwa maana mwili wa kobayi hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa vile mwili wetu sisi watu.

Tuliwaweka katika sanduku kubwa la mbao, juu tukatandika waya wa kuku. Tangu siku ya kwanza mbwa wa mlinzi alikuja kutazama. Mlinzi huyo ni mzee, wote tunamwita Kambo, na mbwa wake anaitwa Nyamaza. Ni mbwa wa kwetu: mwekundu, masikio yamesimama, mkia umekunjwa, habweki ovyo. Wakati wa kiangazi, watu wanapochoma majani, Kambo anamfunga kengele ya mti shingoni na kwenda naye porini kufukuza ndezi, wale panya wakubwa wa matete. Mchuzi wake tumeuonja, hatuwezi kukana.

Nyamaza alilala mbele ya sanduku, kichwa juu ya miguu, bila kutikisika, karibu saa nzima. Hakukwaruza mbao, hakunguruma. Tulifurahi mno. Wageni walipokuja tuliwaonyesha na kusema kwamba unabii wa Isaya umetimia Kamina. Kambo peke yake hakucheka. Alituambia: "Ile haiko urafiki, bana bangu. Eko anawinda." Tulifikiri ni maneno ya wazee.

Siku moja ya yenga, mwezi wa tatu, tulikata majani asubuhi, tukafungua waya, tukawapa. Kengele ya ibada ikalia. Badala ya kufunga waya kwa misumari yake, tuliweka jiwe juu tukakimbia. Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa mkate.

Tulipotoka ibadani, yule mtoto ndiye aliyefika wa kwanza. Tulimsikia akiita: "Yaya! Yaya! Moja eko anapumua!" Saba walikuwa wamekufa. Hawakuliwa. Mbwa wa namna hii anakamata, anatikisa mara moja au mbili, shingo inavunjika, anamwacha na kumwendea mwingine anayekimbia. Yule aliyekuwa akipumua hakuwa na jeraha hata moja, lakini usiku alikufa naye. Kobayi anaweza kufa kwa woga tu. Watatu tuliwakuta chini ya kuni, wametulia kama mawe. Nyamaza alikuwa amelala pahali pake pa kila siku. Alipotuona akatikisa mkia.

Jioni bweni lote lilikuwa na hasira. Wengine walikwenda kutafuta fimbo, mmoja akasema anajua duka linalouza sumu ya panya. Tulimfuata Kambo na kumwambia, "Kambo, mbwa wako ameua." Alijibu bila kusimama: "Mbwa hana na kosa. Mulimuwekea nyama mu sanduku, mukamuonyesha kila siku, kiisha mukafungua. Sasa munauliza nini?" Bwana Prefe naye aliuliza neno moja tu: nani alifunga sanduku? Tukanyamaza, wote wanne.

Lililobaki lilikuwa barua kwa mama wa mtoto. Tuliiandika sisi, kwa maana mtoto alikuwa akilia. Barua ya kwanza ilisema mbwa mkali alivunja sanduku. Tulimsomea. Akapangusa macho, akasema: "Yaya, sanduku haikuvunjika." Tukaipasua, tukaandika nyingine. Ile ya pili ilikuwa fupi sana.

Juma lile mwalimu wetu wa biolojia alitufungulia jambo ambalo hatukulijua. Kobayi si mnyama wa kwetu. Anatoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu wamemfuga kwa nyama tangu maelfu ya miaka. Lakini ndezi wetu wa porini ni ndugu yake wa mbali. Basi mbwa aliyefundishwa tangu utoto kufuata ndezi, akawekewa mbele ya pua mnyama mnene, asiye na mkia, anayelia kwi-kwi na kutawanyika akiogopa, angefanya nini? Wako waliobisha: mbona mbwa huyo huyo anapita katikati ya kuku wa Kambo na hawagusi? Kambo alisema kuku aliwakuta pale alipozaliwa, na alikanywa kila siku akiwa mdogo. Kobayi hakukanywa, kinyume chake, kila kiangazi alisifiwa kwa mnyama anayefanana naye.

Tena mbwa wa namna hii wanajulikana mbali. Katika miaka ya 1930 Waingereza walichukua mbwa wa Kongo wakawafuga kwao, na leo wanaitwa Basenji. Mwaka wa 1987 na 1988 Wamarekani walikuja tena kutafuta wengine, kaskazini-mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Wanalala ndani ya nyumba za watu juu ya zulia, na bado wafugaji wao wanaonya wasiachwe peke yao na sungura au kobayi. Zulia halikubadilisha kitu.

Ndipo tulipojenga. Matofali tulifyatua wenyewe, na chini tulizika mawe, maana mbwa anachimba. Ukuta hauna dirisha upande wa njia ili Nyamaza asione wala wao wasimwone. Hewa inapita juu, chini ya bati. Waya tulibadilisha. Ule wa kuku unamzuia kuku asitoke, lakini meno ya mbwa yanaukata, kwa hiyo tulipata waya mgumu wenye matundu madogo, tukaupigilia toka nje. Ndani kuna kisanduku chenye tundu la ukubwa wa ngumi, wapate fasi ya kujificha. Milango miwili ni kwa ajili yetu sisi, wenye kukimbilia kengele.

Kambo alikubali Nyamaza avae kengele yake siku zote. Inasaidia, lakini si sana: inalia anapotembea, na mbwa anayevizia hatembei. Tukiisikia imenyamaza karibu na kinyumba, ndipo tunakwenda kuangalia. Kambo alitufundisha pia kumwita wakati anapoanza tu kukaza macho, na kumpa kipande cha bukari akigeuka. Sasa anageuka mara nyingi. Mbele ya mlango ulio wazi hatujamjaribu, na hatutamjaribu.

Jumamosi mbili tulibeba mchanga kwa mwashi mmoja mjini; pesa tuliziweka kwa mhasibu kwa jina la mtoto. Hazifikii bei ya kobayi wanane. Mama alijibu kwa kinywa cha mjomba. Aliuliza kama mbwa hakumuuma mtoto. Juu ya kobayi hakusema neno.

Waliobaki walikuwa dume moja na majike mawili. Mwezi wa tano jike moja lilizaa watatu, na lile lingine tumbo lake linaonekana. Anayetaka kuwaona aje saa kumi, Nyamaza akiwa amefungwa. Aingie mlango wa kwanza, aufunge, ndipo afungue wa pili. Nanyi wa zamu ya jiko, tunawaomba msitupe majani ya karoti.