Nyumba ni ya Mama Yako

Kitale

Mpwa wangu,

Nimesoma ujumbe wako kutoka Kibabii. Unataka kuweka seva ya Linux nyumbani Kiminini, na hiyo hiyo iwe lango la simu, televisheni na kompyuta zote kwenda kwenye intaneti. Sikukatazi. Lakini wewe utakuwa Bungoma, na atakayebaki na hilo dubwana ni dada yangu.

Ndiyo maana nasema kazi hizo mbili uzitenganishe. Seva ikizima, wadogo zako watakosa Wikipedia ya Kiswahili uliyowawekea kwa Kiwix waisome bila bando. Lango likizima, mama hana hata WhatsApp ya kukuuliza afanyeje. Anza na lango.

Usinunue kompyuta kubwa ya mezani. Laptopu kuukuu yenye betri nzima inatosha; haili stima nyingi. Mlango wa pili wa waya utaupata kwa adapta ya USB. Waya mmoja uende kwenye kisanduku cha kampuni ya mtandao, wa pili kwenye swichi ya nyumbani. Dnsmasq igawe anwani, nftables ilinde. Kisanduku nacho kitafutie betri, la sivyo stima ikipotea laptopu itabaki macho peke yake. Tena, kisanduku kikitumia 192.168.1, nyumba ipe namba nyingine, tuseme 192.168.50. Pande mbili zikifanana lango halitajua lielekeze wapi.

Kuifikia nyumba kutoka hosteli ni habari nyingine. Tazama anwani ambayo kisanduku kimepewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnagawana anwani moja ya nje na wateja wengine, na mtu wa nje hana pa kubisha. Kodi seva ndogo yenye anwani yake, nyumba na laptopu yako ya hosteli zikutane huko kwa WireGuard, ambayo imo ndani ya Linux yenyewe tangu 2020. SSH usiiachie dunia nzima.

Na radi zetu unazijua: usivute waya wa shaba juu ya mabati hadi nyumba ya pili. Vuta faiba.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Lango huulizwa anwani ya karibu kila tovuti inayotafutwa nyumbani. Mimi nilikuwa Posta na Simu hadi shirika lilipogawanywa mwaka 1999. Enzi za kuunganisha simu kwa mkono, mhudumu aliweza kusikia yote: madeni, posa, misiba. Aliyeijua kazi yake alihakikisha watu wanasikizana, kisha akajitoa. Kiti hicho sasa umekikalia wewe, tena ndani ya nyumba ya mama yako. Dnsmasq haiandiki maulizo hayo isipoagizwa, usiiagize. Dada yako akitafuta habari za mwili wake, hazikuhusu. Mama akitaka tovuti za kamari zifungwe, hiyo ni amri yake: aitoe mbele ya wote, na kila mtu ajue kilichofungwa. Kufunga kimyakimya kwa sababu tu unaweza, hapana. Hilo sitalivumilia, hata ukinieleza kwa Kiingereza kirefu.

Mwisho, andika karatasi moja kwa maneno ya kawaida na uibandike karibu na mita: ni waya upi wa kuchomoa, na uchomekwe wapi, ili nyumba irudi kwenye kisanduku cha kampuni bila laptopu yako. Nywila ziandike kwenye daftari analohifadhi mama, si kwenye simu yako. Ukija likizo, lizime lango makusudi, ukae kando, umwache mama airudishe nyumba mtandaoni kwa karatasi hiyo. Usimnong'oneze.

Akiweza, nitakununulia diski ya seva. Asipoweza, kazi yako haijaisha.

Ni mimi mjomba wako.