Mpaka mdogo chumbani kwangu

Nimepotea wiki tatu, mnisamehe. Sikusafiri wala sikuugua. Nilikuwa nimeinamia kompyuta iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, najijengea ruta na faiawoli yangu mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Naishi Chapwa, hapa Tunduma, nyumba ya wapangaji. Tunachangia intaneti moja ya laini ya simu, na neno la siri la waifai analijua kila mtu mpaka watoto. Jioni moja jirani yangu, kijana mstaarabu tu, akaniambia uani: "Kaka, yule dereva wako ana sauti nzito kama mtangazaji."

Nikaganda. Dereva yupi? Kumbe niliacha folda ya laptopu wazi kwenye mtandao wa nyumba, na ndani yake mna sauti za watu waliozungumza nami kuhusu foleni ya malori kwa sharti kwamba wasitajwe. Jirani alikuwa akitafuta muziki.

Folda niliifunga usiku uleule. Lakini mtu aliyesahau leo, kesho atasahau tena. Nikaamua kazi yangu iwe na njia yake, wapangaji wawe na yao, na katikati akae mlinzi asiyesahau.

Sisi wa Tunduma hili hatuhitaji kufundishwa. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na utaratibu wake ni kwamba unakaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja, upande unaoingia. Faiawoli nayo ni hivyo: kila kinachopita kinaulizwa kinatoka wapi, kinakwenda wapi, na kwa kanuni ipi. Programu zipo za bure, kama pfSense, OPNsense na OpenWrt, na kompyuta ya kawaida inatosha. Ila faiawoli haioni mashine mbili zilizo kwenye swichi moja zikiongea zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo nilihitaji matundu matatu ya kebo: la intaneti, la wapangaji na langu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikwenda Mwanjelwa, Mbeya, nikachagua kompyuta ya mtumba kwa kuangalia prosesa. Nilihakikisha ni ya biti 64, maana pfSense iliachana na biti 32 katika toleo la 2.4 mwaka 2017. Nikarudi nyumbani nikitamba. Tundu la mtandao likawa moja tu!

Nikajazia kwa viunganishi vya USB. Siku mbili safi. Ya tatu, kila mtu akipakua kitu kizito, mtandao unakatika. Nikarudi kusoma nilichopaswa kusoma mwanzo: kwenye ruta, cha kuchagua kwanza ni kadi ya mtandao. pfSense na OPNsense zimejengwa juu ya FreeBSD, ambako draiva za kadi za Intel zina sifa nzuri ya miaka mingi, na Realtek zimelalamikiwa sana. Intaneti yetu ikichangamka sana inafika megabiti 20 kwa sekunde. Prosesa ya zamani inaimudu bila jasho. Ukitaka VPN, hapo tafuta prosesa yenye AES-NI.

Nikaagiza kadi ya mtumba ya Intel i350 yenye matundu mawili. (Angalizo: za bandia zipo nyingi, bei ikiwa ya kuchekesha usicheke.) Ilipofika, bati lake la nyuma lilikuwa refu na kompyuta yangu ni nyembamba. Fundi wa kuchomelea alilikata huku akinishangaa. Leo intaneti na chumba changu viko kwenye Intel, wapangaji wako kwenye tundu la Realtek lililokuja na kompyuta. Kifaa cha zamani cha waifai sikukitupa. Sasa ni antena yao tu.

Hasara ninayo pia. Boksi hili linakula kama wati 30, yaani uniti 22 hivi za LUKU kwa mwezi. Kompyuta ndogo mpya ya wati 10 ingekula uniti 7, tena nyingi hutumia volti 12, umeme ukikatika unaiwasha kwa betri. Mwenye pesa aanzie huko.

Juzi nilimpigia yule dereva nikamweleza yote. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Sasa umefunga, mdogo wangu?"

"Nimefunga, kaka."

"Haya. Ila mimi sirekodiwi tena. Ukinihitaji, tutakaa tuongee, uandike kwa kalamu."

Nimekubali. Boksi linanguruma chini ya meza, na nimenunua daftari jipya. Nawe msomaji, kabla hujalala leo, hebu angalia: nyumbani kwako nani anaweza kufungua folda zako?